Gari ya programu, teksi ya simu au bajaji: usafiri upi kwa mtoto mdogo Unguja na Pemba

Wazazi wengi wasio na gari huuliza lipi bora: kuita gari kwa programu ya simu, au kumpigia dereva wa teksi wanayemjua, ambayo hapa tunaiita teksi ya simu. Jibu letu linaanzia kwenye mkanda wa kiti cha nyuma. Gari yenye mkanda unaofunga sawasawa, pamoja na kiti cha mtoto kinachoendana na mkanda huo, inamlinda mtoto awe dereva ametoka kwenye programu au ametoka mtaa wa pili. Gari isiyokuwa na mkanda huo haimlindi, hata dereva akiwa mjomba wake.

Kumpakata hakusaidii. Gari iliyo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa ikigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 200 hivi. Kwa kilomita 30 kwa saa ni kama kilo 70, na hizo nazo hakuna mikono ya mzazi inayozizuia kwa ghafla. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa viti vya watoto hupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya gari kwa asilimia 71.

| Usafiri | Mkanda wa nyuma | Kiti cha mtoto | Pale unapofaa |
|---|---|---|---|
| Gari ya programu | Huujui mpaka ifike | Kinafungika mkanda ukiwa mzima | Safari ya ghafla ndani ya mji |
| Teksi ya simu | Umeshaukagua | Unajua mapema kama kinakaa | Kliniki, bandari, uwanja wa ndege, shamba, Pemba |
| Noah ya kukodi | Kagua safu ya pili na ya tatu | Safu ya pili | Familia yenye watoto wawili na zaidi |
| Daladala | Usiutegemee | Hapana | Pale pasipo na njia nyengine |
| Bajaji | Hakuna | Hapana | Masafa mafupi, njia za ndani |
| Bodaboda, vespa | Hakuna | Hapana | Si kwa mtoto mdogo |

Programu na teksi ya simu

Programu ina faida za kweli. Bei unaiona kabla hujapanda, jina la dereva na namba ya gari vinabaki kwenye kumbukumbu, na unaweza kumtumia mtu wa nyumbani kiungo cha safari akakufuata kwenye ramani. Kwa mama anayetoka Mwanakwerekwe saa tatu usiku na mtoto mwenye homa, hayo si mambo madogo.

Tatizo ni kwamba programu inakuchagulia gari iliyo karibu. Haijui kama mkanda wa nyuma umefukiwa chini ya kava la viti. Jana umepata IST na kiti kimekaa vizuri, leo inakuja Probox na mkanda haufiki. Juu ya hayo, dereva wa programu analipwa kwa wingi wa safari, na muda wa kusubiri unahesabiwa; dakika tano unazohitaji kufunga kiti yeye anaziona ni hasara. Mwambie mapema, kabla hajafika. Ujumbe kama huu unatosha: "Assalamu alaykum kaka. Nina mtoto mchanga na kiti chake. Mikanda ya nyuma inafunga? Nitahitaji dakika tano kukifunga." Asiyeweza atakataa akiwa bado yuko Amani, nawe utapata nafasi ya kuita mwengine. Hilo ni bora kuliko kubishana naye mlangoni huku mtoto analia.

Ndani ya Mji Mkongwe alama ya ramani huangukia kwenye uchochoro ambao gari haiingii, kisha dereva anakupigia uje barabarani. Usiiachie programu ichague. Weka alama mwenyewe pahala ambapo gari inaweza kusimama pembeni bila ya kuzuia njia, na uwe umeshafika hapo kabla ya kuita. Darajani jioni si pahala pa kufunga kiti cha mtoto; sogea mpaka upande ulio mtulivu zaidi.

Gari ikifika, soma namba kwanza. Halafu usimuulize dereva "Wewe ndiye fulani?", kwani yeyote anaweza kuitikia ndiyo. Muulize "Umekuja kumchukua nani?" na umwache ataje jina lako mwenyewe. Bandarini Malindi, ambako papasi, yaani madalali wa wageni, na madereva wanawakimbilia abiria, suali hili moja linakuepusha na mengi.

Teksi ya simu inashinda kwa jambo moja kubwa: unaikagua mara moja, mchana, bila ya haraka, na baada ya hapo unajua unachokipata. Dereva naye anazoea. Baada ya safari chache anajua kiti kinakaa upande gani, anasogeza kiti cha mbele mwenyewe na wala haoni ajabu kusubiri. Lakini ina udhaifu wake. Hakuna kumbukumbu ya safari isipokuwa uitengeneze: mtumie mtu wa nyumbani namba ya gari, pahala unapokwenda na saa. Udhaifu wa pili ndio unaowanasa watu. Dereva akikwama humtuma mwenzake, na huyo mwenzake anakuja na gari usiyoijua, mikanda usiyoijua. Liseme mapema: "Ukishindwa nambie nijue, usinitumie mtu mwengine." Dereva mwema haudhiki kwa hilo.

Kwa hiyo, mwenye mtoto chini ya miaka minne na safari zinazojirudia (kliniki Mnazi Mmoja, skuli ya maandalizi, kwa bibi Bububu kila Ijumaa) tunamshauri awe na dereva mmoja wa simu aliyekaguliwa na mmoja wa akiba. Programu ibaki kwa safari ambazo hazikupangwa.

Kuukagua mkanda

Teksi zetu nyingi ni gari zilizotumika Japani: IST, Vitz, Passo, Raum, Noah. Zilipotoka kiwandani mikanda ya nyuma ilikuwemo. Kilichoharibika kimeharibika baadae. Fundi wa kava ameshona kitambaa kuanzia upande mmoja hadi wa pili na vifungio vimebaki chini. Mchanga wa pwani umeingia kwenye roli linalokunja mkanda. Sarafu imezama ndani ya kifungio.

Anza kwa kuingiza vidole kwenye mfereji baina ya kikalio na mgongo wa kiti cha nyuma. Utagusa vifungio viwili au vitatu, vitoe juu. Kisha uvute mkanda wote mpaka mwisho, taratibu. Uwe unatoka bila ya kukwama na kurudi wenyewe ukiuachia. Ukirudi nusu na kulegea, roli limechoka. Uvute tena kwa ghafla: lazima ukamate. Chomeka ulimi wa chuma wa mkanda mpaka usikie mlio, halafu uuvute kwa nguvu zako zote. Kifungio chenye mchanga hutoa mlio vizuri kabisa kisha kikaachia kikivutwa, na hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote, maana macho na masikio yote yanaamini kimefunga. Mwisho pitisha vidole kwenye ukingo wa mkanda kutafuta nyuzi zilizochanika.

Katikati ya kiti cha nyuma ndipo palipo mbali zaidi na milango, na pangekuwa pahala bora. Lakini katika gari nyingi ndogo hapo kuna mkanda wa kiunoni tu. Kama mkanda wa katikati hauna sehemu ya bega, mweke mtoto nyuma kushoto. Tunaendesha kushoto, kwa hivyo mlango huo unafungukia pembeni ya barabara na unamteremsha bila ya kupishana na gari.

Kiti cha mbele ni cha kuepukwa. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kabisa mbele ya mfuko wa hewa: ukilipuka unakisukuma kiti, na kichwa cha mtoto ndicho kinachopokea.

Kiti kipi kwa mtu asiyekuwa na gari

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea bure, kwani viti vingi vimetengenezwa kwa mtu mwenye gari yake. Cha kwanza kuepuka ni kiti kinachofungika kwa isofiksi tu, yaani vile vyuma viwili vilivyojificha kwenye mfereji wa kiti. Japani iliilazimisha isofiksi kwenye gari mpya kuanzia Julai 2012, na teksi nyingi za hapa ni za kabla ya hapo. Nyengine zinavyo, nyengine hazina. Mtu anayepanda gari tofauti tofauti anahitaji kiti kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida.

Kwa mtoto mchanga, ganda lenye mshikio, yaani kiti kidogo cha kubebeka, ndilo tunalolipendelea. Lina kilo 3 hadi 5, linabebeka kwa mkono mmoja mpaka mlangoni, na linafaa hadi mtoto afikie kilo 13 au kichwa chake kibakishe chini ya sentimita 2.5 kufika ukingo wa juu. Hakikisha linaweza kufungwa bila ya kitako chake, kile kipande cha chini kinachobaki kwenye gari. Tatizo lake ni kwamba linahitaji mkanda mrefu, unaozunguka kiunoni na kisha mgongoni mwa ganda, na mikanda ya nyuma ya baadhi ya gari ndogo haifiki. Kwa hiyo lijaribu kwenye gari ya dereva wako kabla ya kulipa. Usiupitishe mkanda njia nyengine "kwa leo tu". Mkanda ukipita pasipo njia yake, ganda linaruka.

Kiti kikubwa kinachogeuzwa, cha kilo 0 hadi 18, kinatumika muda mrefu zaidi na kwa hesabu ya pesa kinaonekana rahisi. Lakini vingi vina kilo 6 hadi 12. Mzazi aliyebeba mtoto, mkoba wa pampasi na kiti cha kilo 10 kutoka Malindi hadi kituoni atakiacha nyumbani safari ya tatu. Kiti kinachobaki nyumbani hakimkingi mtu. Kinunue ikiwa dereva wako anakubali kikae kwenye buti la gari yake.

Kinyanyulio ni cha mtoto mkubwa kidogo. Vya zamani vimeandikwa kilo 15 hadi 36, lakini vile visivyo na mgongo vilivyoidhinishwa kuanzia 2017 vinaanzia kilo 22 na urefu wa sentimita 125, nasi tunafuata kipimo hicho kipya. Kazi yake ni kuunyanyua mwili ili mkanda wa chini ulale kwenye mapaja, juu ya mifupa ya nyonga, na wa juu upite katikati ya bega. Bila ya mkanda wa bega usikitumie. Mkanda wa kiunoni peke yake, mtoto akiwa juu ya kinyanyulio, unapanda tumboni na kuumiza matumbo na uti wa mgongo.

Mtoto atazame nyuma mpaka angalau miezi 15, na zaidi kama kiti kinaruhusu. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa kulinganisha na mwili wake na mifupa ya shingo haijakaza. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti ndio unaokipokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja.

Viti vya mtumba vipo, na vingine ni vizuri. Tafuta karatasi ya rangi ya chungwa iliyoandikwa R44 au R129, ambavyo ni viwango vya usalama vya Umoja wa Mataifa, yenye herufi E ndani ya duara. Kwa R44 namba ya idhini ianze na 03 au 04. Vua kitambaa. Ufa, au mistari myeupe kwenye plastiki pale ilipopinda, ni sababu ya kukirudisha. Angalia tarehe ya kutengenezwa. Vingi hukadiriwa miaka 6 hadi 10. Viti vya Marekani, ambavyo ndugu huwaletea watu, havina herufi E na vipimo vyake ni vya pauni, ambapo pauni 22 ni kilo 10. Vimetengenezwa kwa mikanda inayojifunga ikivutwa mpaka mwisho, na si mikanda yote ya nyuma ya gari za Japani inayofanya hivyo; ulizia kile kibanio cha chuma cha kuukazia mkanda.

Kukifunga pembeni mwa barabara

Jizoeze nyumbani kwenye gari yoyote mpaka uweze ndani ya dakika tatu. Kwenye viti vya R44, njia ya mkanda yenye alama za buluu ni ya kutazama nyuma na yenye alama nyekundu ni ya kutazama mbele. Pitisha mkanda bila ya kuusokota, chomeka, kandamiza kiti kwa goti au kiganja kwa uzito wako, na huku umekandamiza vuta mkanda wa bega mpaka ulegevu wote uishe. Kishike pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, rudia.

Kichanga alale mgongo wake ukiwa umeinama nusu, takriban nyuzi 45. Akikaa wima sana kidevu kinaangukia kifuani na pumzi inabana. Kanga iliyokunjwa kama gongo chini ya ukingo wa kiti, upande wa miguu ya mtoto, inarekebisha, ikiwa maelezo ya kiti yanaruhusu.

Usimfunge mtoto akiwa amevingirishwa kwenye kanga au blanketi. Mikanda inakaza nguo, kisha ajali inaikandamiza nguo na mtoto anachomoka. Mfunge kwanza, halafu mfunike. Kwenye mtulinga ujaribu kuubana ukanda kwa vidole viwili: ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Na gari ikiwa imesimama juani, gusa vyuma kwa mkono wako kabla havijagusa paja lake.

Noah

Kwa watoto wawili, Noah inashinda gari ndogo kwa nafasi. Viti viwe safu ya pili. Safu ya tatu iko karibu na mlango wa nyuma na mara nyingi mizigo imerundikwa juu yake. Noah za zamani zina mlango mmoja wa kuteleza, upande wa kushoto, na huo ni uzuri, kwani hakuna mtoto atakayeteremkia katikati ya barabara. Hatari yake ni vidole. Mlango ukifungwa gari ikiwa kwenye mteremko unakuja kwa uzito wote. Mikono ya watoto iwe mapajani kabla ya dereva kuusukuma, na useme kwa sauti.

Sikukuu ndiyo siku Noah inageuka hatari, watoto tisa kwenye safu moja kuelekea Mnazi Mmoja. Lipeni safari mbili.

Bajaji, daladala na bodaboda

Bajaji haina mkanda, haina mlango na ina magurudumu matatu, hivyo kona ikikatwa kwa kasi inalala. Tunaikubali kwa masafa mafupi ya njia za ndani, mchana, mwendo mdogo. Si barabara ya uwanja wa ndege na si usiku wa mvua za masika. Panda kwa kushoto. Mtoto akae katikati, wewe upande ulio wazi, mkoba upande wa pili. Mtoto mchanga awe kwenye mbeleko kifuani, asiwe mgongoni, kwani ukiegemea unambana. Kusanya ncha za kanga na buibui chini ya mapaja. Kitambaa kinachopepea nje kinaingia gurudumuni.

Kwenye daladala kaa ndani, mbali na mlango na mbali na kiti cha kukunja, na mwambie utingo mapema pahala unapoteremka ili gari isimame kabisa kabla hujanyanyuka.

Bodaboda na vespa hatuzipendekezi kwa mtoto mdogo hata kidogo. Kofia za watu wazima zinamzunguka kichwani, miguu haifiki kwenye vikanyagio, na bomba la moshi linaunguza miguu ya watoto kila mara. Mtoto aliyebanwa baina ya watu wazima wawili hakulindwa. Ameongezewa uzito wa kumwangukia.

Kwa usafiri wote, Ramadhani jitahidini musiwe barabarani nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi. Kila mtu anakimbilia futari.

Kuteremka

Lipa ukiwa bado umekaa. Kisha mfungue mtoto, teremkeni pamoja kwa mlango wa kushoto, na umshike mkono. Mzazi anapokwenda nyuma kutoa mizigo na mtoto bado yumo ndani, dereva akisikia buti limefungwa anaweza kuondoka akidhani kazi imekwisha. Acha mlango wa nyuma wazi mpaka mzigo wa mwisho utoke. Mwombe dereva afunge vioo na kufuli za watoto kabla ya safari. Kufuli hiyo ni kijiti kidogo kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, nawe unaweza kukisukuma mwenyewe. Usimwache mtoto ndani hata kwa kununua maji: ndani ya dakika 10 juani joto hupanda kwa nyuzi 10 hivi, na kufungua kioo kidogo hakusaidii sana.

Pemba

Pemba hesabu inakuwa nyepesi, maana chaguo halisi ni teksi ya simu au daladala: 603 baina ya Chake na Mkoani, 606 baina ya Chake na Wete. Boti ikifika Mkoani abiria wote wanateremka kwa pamoja na gari zinakwisha haraka, na anayetafuta gari wakati huo huchukua itakayobaki. Mpigie dereva kabla hujapanda boti Malindi. Muulize mkanda wa nyuma kushoto, mtumie picha ya kiti, na mkubaliane bei ikiwa pamoja na kusubiri boti ikichelewa. Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30 za vilima na kona, na mtoto aliyetapika baharini atatapika tena. Mlishe kidogo tu, weka taulo juu ya mikanda ya kiti, na asifunguliwe gari ikiwa inakwenda. Akitapika, mwambie dereva asimame.